Picha ya Jikoni kwa Mama

Mume wangu alikuwa fundi wa picha mjini Same, na mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Yeye aliniita Mwalimu hata mbele ya watoto wetu, nami nilimwita Fundi, na mpaka leo hatujaacha. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huku tambarare, akazaa watoto wake huku huku, asirudi tena. Kwa hiyo Fundi alikua akisikia Kiha nyumbani, Kipare kwa majirani na Kiswahili kila mahali. Nilipompeleka kwetu Mhezi, kijijini mlimani, kwa mara ya kwanza, ndugu zangu walishangaa kumsikia akisalimia kwa Chasu, Kipare chetu, kilichonyooka kuliko cha wajukuu wa nyumba ile.

Studio yake ilikuwa vyumba viwili karibu na stesheni ya reli. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maua na ngazi za jumba la kifahari, na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, alikosafishia picha. Zamani kilikuwa stoo. Fundi aliziba kila tundu kwa matope na vipande vya blanketi, mpaka ukifunga mlango saa nane mchana, na jua la Same likiwa limeshika bati huko nje, usione hata kiganja chako. Nikitoka shule nilipenda kwenda kukaa humo, maana palikuwa na ubaridi kidogo. Yeye akifanya kazi na taa yake nyekundu, mimi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimsimulia vituko vya wanafunzi. Mapenzi yetu mengi yalipita mle ndani, kwa maneno tu, hatuonani vizuri.

Ilikuwa miaka ile ambayo vitu viliadimika. Tulipanga foleni ya sukari, tukapanga ya sabuni, na mara nyingine tulipanga kwanza ndipo tukauliza kinachouzwa. Fundi hakuwa na betri za flashi kwa muda mrefu. Karatasi za picha alizikata vipande vidogo vidogo. Filamu alizipata kwa mtu mmoja wa Kileo, upande wa mpaka wa Kenya, na nilipomuuliza Fundi mtu huyo anazitoa wapi, aliniambia, "Mwalimu, kafundishe."

Katika hali hiyo ndipo barua ikaja kutoka kwa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Tanga. Aliandika kwamba ameota mama amekufa, na alipoamka akagundua hana picha yake hata moja. Akaomba mume wangu ampige mama picha moja nzuri, akamtumie.

Likizo ya mwezi wa sita tulipanda lori kwenda mlimani, Fundi amepakata kamera yake kama mtoto mchanga, na kwenye kamera kuna filamu moja ya picha kumi na mbili, ambazo tisa zilikuwa zimekwisha kupigwa kwenye harusi. Tulikuwa na picha tatu.

Asubuhi ya pili ukungu ulipoondoka, tulimtolea mama kiti uani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Fundi alipoanza tu kuitengeneza kamera, machozi yalianza kumtiririka mama, si ya kulia, ni maji tu yanayotoka. Akajifunika uso kwa khanga.

"Jua hili linanichoma macho," alisema. "Nipigieni ndani, jikoni. Pale ndipo ninapokaa."

"Ndani ni giza, mama," nikamwambia.

"Giza kwako. Mimi naona kila kitu."

Jiko la mama lilikuwa kibanda cha miti na udongo, peke yake nyuma ya nyumba, halina dirisha. Mwanga uliingia mlangoni na kwenye nyufa za ukutani, na mwingine kidogo sana ulipenya kwenye paa la majani. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga uliojaa mahindi ya mbegu, na kila kitu kuanzia hapo kwenda juu kilikuwa cheusi kwa masizi ya miaka mingi.

Fundi alitazama kile kibanda, akanivuta pembeni. Bila flashi, alisema, picha ingewezekana, ila lenzi ingebidi iachwe wazi dakika nyingi, mwanga ujikusanye kidogo kidogo kwenye filamu. Hilo halikumtisha. Lililomtisha ni kwamba kwa watu wa umri wa mama, mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hakuna aliyemkataza, asingeweza tu. Alishindwa hata kuchungulia mlangoni.

"Utapiga wewe," akasema.

"Mimi sijawahi kushika kamera."

"Mara ngapi umekaa kwenye chumba cha giza? Giza unalijua."

Akanifundisha pale uani kwa robo saa. Kisha nikaingia na kamera na miguu yake mitatu, naye akazunguka nyuma ya jiko, akachuchumaa ukutani, akawa anazungumza nami kupitia kwenye ufa.

"Umemwona mama?"

"Sioni kitu."

"Usifanye lolote. Kaa."

Nikakaa. Nimezaliwa katika nyumba ile, nimekula jikoni pale maelfu ya milo, lakini sikuwahi kukaa humo bila kazi ya kufanya. Kwanza niliona nyufa, nyembamba na nyeupe. Kisha ukingo wa chungu. Kisha unga kwenye ungo, ambao ulionekana kama unatoa mwanga wenyewe. Halafu vibuyu vya maziwa vikatokea ukutani kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoingia kanisani kwa kuchelewa. Mikono ya mama ikaonekana mapajani mwake, na mwisho kabisa uso wake, umegeukia upande wangu, unatabasamia mahali ambapo si pale nilipokuwa.

"Namwona," nikasema.

"Mpe kijinga chenye moto akishike karibu na uso. Zungusha lenzi huku ukikitazama kile kijinga kwenye kioo cha kamera mpaka kisiwe na ukungu, halafu umwambie akirudishe."

Tukafanya hivyo. Fundi akaniambia nitoe kifuniko cha lenzi na kuhesabu mpaka mia tatu, taratibu, halafu nirudishe kifuniko, na mama asitikisike.

"Kuhesabu utakosea," mama akasema. "Nitaimba. Beti sita zikiisha, funga."

Akaanza kuimba wimbo wa kitabu cha kanisani, kwa Chasu, kwa ile sauti yake nyembamba ya kwaya ya zamani, kichwa kikienda huku na huku. Nilijua hata mimi kwamba mtu anayeimba anatikisika, lakini nilitegemea Fundi aseme. Ufa ulikuwa kimya. Beti sita zikaisha nikafunga. Akachagua wimbo mwingine kwa picha ya pili, na mwingine kwa ya tatu. Zote tatu aliimba.

Tukiwa kwenye lori tunateremka nilimuuliza, "Hukumsikia?"

"Nilimsikia vizuri sana. Sasa ulitaka nimwambie mama mkwe anyamaze?"

Tulicheka mpaka wanawake waliobeba mikungu ya ndizi wakaanza kucheka pamoja nasi bila kujua sababu.

Picha alizisafisha jioni tuliyofika. Alinipa mimi koleo la kugeuzia karatasi kwenye dawa, kwa kuwa ni mimi niliyepiga. Nikaona mikono ya mama ikija kwanza, imetulia, kila mshipa na kila kovu la jembe. Kikaja kigoda, kikaja chungu na ungo, na vibuyu ukutani. Pale ulipopaswa kuwa uso palikuwa na wingu jepesi, kama mvuke wa sufuria. Zote tatu zilikuwa hivyo hivyo, ila katika ya kwanza mikono ilikuwa mizuri zaidi.

Fundi aliishika ile karatasi ikiwa bado inadondosha maji.

"Sijui nitamwambia nini kaka yako," alisema. "Lakini hii siitupi."

Tulimtumia kaka nakala, na maelezo ya kuomba radhi. Alijibu kwa mistari miwili, kwamba ameitambua mikono, na kwamba ameiweka kwenye kabati la vyombo. Mimi nikabeba nakala nyingine mwezi wa nane kumpelekea mama.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Aliipokea picha, akaipapasa, akainusa dawa, akanirudishia.

"Nisomee," akasema.

Nikafikiri anatania. Nikaanza kumsomea hata hivyo: hapa mafiga, hapa chungu, huu ungo wenye unga, hivi vibuyu, hii mikono yako, hata kile kidole ulichojikata na mundu kinaonekana.

"Na uso?"

"Uso haupo, mama. Uliimba, ukawa unatikisika. Pamebaki kama moshi."

Alichambua maharage kidogo, akatupa mabovu pembeni.

"Basi ndivyo ninavyowaona," akasema.

"Unavyowaona akina nani?"

"Wote. Wewe. Mikono yenu naiona ikija karibu kunipa kitu. Uso wako sijauona tangu kabla hujaolewa."

Mtoto wangu wa pili alikuwa amekwisha kuanza shule. Nilikaa pale chini na vitu vyote vikaanza kujipanga kichwani mwangu. Alivyokuwa akiweka kidole ndani ya kikombe anapomimina chai. Alivyowapapasa wajukuu vichwani kabla ya kuwataja. Alivyouliza "Ni nani huyo mgeni?" kila tulipoingia, nasi tukacheka tukidhani ni utani wa mama wa siku zote. Kwenye shamba lake alitembea bila fimbo, na jikoni hakuna alichogonga, kwa sababu kila kitu kilikaa mahali pake na hakumruhusu yeyote kukihamisha. Nilikuwa nimegombezwa mara nyingi kwa kuhamisha kata ya maji.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngenichukua Same, mkanikalisha kwenye kiti."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo tungefanya.

Niliporudi nilimweleza Fundi mle chumba cha giza, kwa kuwa sikutaka watoto waone ninalia. Aliacha kazi yake dawa zikapoa. Kesho yake asubuhi alikuwa ameanza kuuliza kila msafiri aliyekuja kupiga picha kama anajua wapi wanatibu macho. Mwezi haukuisha akapata habari za hospitali moja upande wa Moshi ambako madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa zamu. Mama alikataa. Fundi akapanda Mhezi peke yake, akakaa uani siku mbili akisaidia kupalilia, bila kusema neno juu ya hospitali. Siku ya tatu mama akamwambia mdogo wangu wa pale nyumbani, "Mwambie mkwe nitakwenda, aache kunilimia maharage vibaya."

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walianza na la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji tulisimama mimi na Fundi kando ya kitanda. Muuguzi akaondoa kitambaa, mama akapepesa, akatazama dirisha, akatazama mashuka, kisha akamtazama Fundi kwa muda mrefu hata mwenyewe akainamisha kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo mama," Fundi akasema, na mama alipoisikia ile sauti yake nzito akashtuka.

"Marahaba. Mkwe? Mbona mfupi?"

"Nisamehe, mama."

Tangu harusi yetu alikuwa akimjua kwa sauti tu, na kwa sauti ile alikuwa amejitengenezea mkwe mrefu. Muuguzi alitoka nje kwenda kucheka. Mama akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yoyote ila yale aliyoyasema.

"Umezeeka, mwanangu. Umekuwa kama shangazi yako."

Shangazi hakuwa mzuri, na mama hakuwa akimpenda. Nililia kwa furaha hata hivyo, naye akanishika mkono akaugeuza geuza, kuhakikisha kwamba ni ule ule.

Nyumbani aliomba aonyeshwe ile picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Hamna kitu hapa," akasema. "Giza na mikono. Mkwe ni mtu mwema, lakini kazi hii hajaijua."

"Nilipiga mimi, mama."

"Basi wewe ndiye hujui."

Jicho la pili lilipotibiwa, Fundi akampiga nyingine uani, juani, macho yote yakiwa wazi, na hiyo ndiyo iliyokwenda Tanga na kwa ndugu wengine wote. Ni picha nzuri. Iko kwenye kila sebule ya ukoo wetu.

Baada ya hapo mambo yalilegezwa. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikafika mpaka gulio la mlimani, na betri za flashi, ambazo tuliziota kwa miaka, zikauzwa barabarani kama karanga. Pamoja nazo zikaja picha za rangi. Moshi wakaweka mashine iliyosafisha filamu nzima mteja akiwa anakunywa chai. Watu wakaanza kumrudishia Fundi picha zake nyeusi na nyeupe wakisema zinawafanya waonekane marehemu. Kwa miezi kadhaa alifungua studio asubuhi, akasikiliza redio, akafunga jioni. Sikuwahi kumwona ameishiwa maneno namna ile. Mwishowe akakubali kazi ya kukusanya filamu za rangi za watu na kuzipeleka Moshi kwa basi, na akasema atakibomoa chumba cha giza apanue duka.

"Niachie," nikamwambia.

"Cha nini? Utapiga picha gani?"

"Za ndani."

Alinikusanyia karatasi zote zilizobaki, hata zile zilizopitwa na muda, akanionyesha namna ya kuongeza dawa ili zisifubae. Kila likizo nikabeba kamera nikaenda kwenye majiko ya akina mama wa Mhezi, na baadaye kwenye kambi ya mkonge alikozaliwa Fundi, kwenye vile vyumba vya safu moja ambavyo vidirisha vyake vimeshindiliwa magunia. Watu wa kambini walitoka Songea, Singida, Kigoma, na kila mmoja alikuwa amepanga chumba kile kile kwa namna ya kwao. Nilikaa kwanza. Sikufungua kamera mpaka macho yangu yazoee na mwenyeji asahau kwamba nipo. Sikumwambia mtu asitikisike. Walipika, walisuka ukili, walinyonyesha, nao kwenye picha wakawa wingu, na kilichobaki kikawa kile walichokuwa hawakukisogeza: kiatu, sanduku, mkono uliolala juu ya mtoto aliyelala.

Sikujua kama hiyo ni sanaa. Basi moja la kwenda Dar es Salaam liliharibika Same, na abiria mmoja, mwanamke aliyefundisha uchoraji chuoni, akaingia studio kujikinga na jua. Fundi alikuwa ametundika picha zangu nne nyuma ya meza. Yule mwanamke akakaa nazo hadi basi likampigia honi. Mwaka uliofuata alitualika kuzipeleka Dar kwenye maonyesho.

Zilitundikwa kwenye ukumbi mkubwa wenye taa hafifu. Fundi alishona suti. Siku ya kwanza watu walikuwa wakiingia, wanatupa jicho, wananiambia kwa adabu kwamba picha zimeungua. Fundi akatoka pale alipokuwa amesimama akaanza kuwazuia mlangoni mmoja mmoja. "Subiri kidogo," alikuwa akisema. "Simama hapa tu, usifanye kitu." Nao walisimama, kwa sababu ya ile sauti. Nikawaona wakianza kusogea mbele, shingo zinanyooka, mtu anamwonyesha mwenzake: kuna chungu pale, na kule kuna mtu. Kijana mmoja alisimama mbele ya ile mikono ya mama, akamwambia mwenzake kwamba nyumbani kwao kulikuwa na jiko kama hili na alikuwa amelisahau.

Nilipomhadithia mama, hakuamini.

"Watu wa Dar es Salaam wamevaa viatu kwenda kutazama jiko langu?"

"Ndiyo, mama."

"Walisemaje juu ya masizi?"

Miaka michache baadaye kaka alistaafu, akarudi Mhezi, akamjengea mama nyumba ya matofali yenye madirisha makubwa, na jiko la kisasa lenye bomba la kutolea moshi. Ikaamuliwa kibanda cha zamani kivunjwe. Niliposikia nilipanda mlima siku ile ile. Nilimkuta mama uani, nikamweleza kwamba lile si jiko tu. Nilitumia maneno mengi niliyoyasikia Dar. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulikuwa unaingia kupiga picha, unatoka," akasema. "Mimi nimekaa na ule moshi miaka arobaini. Unadhani macho yangu yaliharibiwa na nini?"

Daktari alikuwa ametuambia ni uzee, lakini sikumwambia hivyo, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba daktari alijua kuliko yeye. Nikavua viatu, nikaingia nikaanza kutoa vitu. Tulitoa vibuyu, tukatoa ungo na vyungu, tukateremsha mahindi kutoka uchagani. Fundi, ambaye hakuwahi kukanyaga mle ndani maisha yake yote, alisimama nje akipokea vitu mlangoni kutoka mikononi mwangu. Paa lilipoondolewa, mwanga uliingia mpaka kwenye mafiga, nikaona kwamba sakafu ilikuwa nyekundu. Nilikuwa najua ni nyeusi.

Kufikia saa sita kuta zilikuwa chini. Mama alikuja na ufagio, akafagia udongo mwenyewe, akachukua jembe akachimba mashimo matano, akapanda maboga. Alisema ardhi yenye majivu mengi namna ile haipatikani Mhezi nzima.